Mwito wa Chini ya Ukurasa

Zama hizo bunduki ikiwashwa kwa utambi, na mtu akitaka kuandika jina lake sharti kwanza achonge tete, palikuwa na mji wa mawe uitwao Kiungwe, kwenye rasi nyembamba iliyozungukwa na mikoko. Haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa na ukuta, lango moja la bara na moja la pwani, misikiti minne, na watu wenye maringo kupita uwezo wao. Lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho miji iliyoushinda kwa mali na mizinga iliuonea kijicho, nacho kilikuwa kitabu.

Wenyewe wakikiita Kitabu cha Mji. Humo mlikuwa na habari za waliojenga ukuta, nani alichimba kisima kipi, ndoa na vizazi, dawa ya jicho jekundu, nyimbo za harusi, na mapatano yote ambayo Kiungwe ilipatana na majirani zake tangu enzi za mababu. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, na duniani kote nakala yake ilikuwa hiyo moja.

Aliyekijalidi kitabu hicho ni Mwana Rukiya binti Mahadhi. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sugu za sindano vidoleni, na kazi hiyo aliirithi kwa babake. Akikutana na kitabu chochote hukinusa kwanza kabla ya kukifungua. Jalada la Kitabu cha Mji lilikuwa fahari yake: ngozi ya mbuzi aliyoilaza katika maji ya magome ya mkoko hadi ikawa nyekundu ya kuiva, ulimi wa kukunjia mbele ili vumbi lisiingie, na nyuzi za hariri za kijani na manjano kwenye kichwa cha mshono. Wageni waliomba walishike tu, hata wasiojua alifu wala be.

Na aliyekiandika ni Bwana Kombo bin Mshuti, mnakili. Huyu alikuwa mrefu, mjane naye, na kilemba chake hakikosi doa la wino. Miaka kumi na moja nyuma mchwa waliingia sandukuni wakaila nakala ya zamani, na Bwana Kombo akakaa miaka mitatu akinakili upya yaliyosalia, neno kwa neno, kwenye karatasi nzuri ya ng'ambo, ile ambayo ukiinua juani unaona miezi mitatu michanga imejificha ndani yake.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi, nami siwezi kuendelea kabla ya kuwaeleza ugomvi wenyewe. Ninyi mmezoea nambari juu ya ukurasa. Wakati ule hapakuwa na nambari. Mwandishi akifika mwisho wa ukurasa huandika chini yake, pembeni, neno moja dogo, nalo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mafundi wa Kiungwe wakiliita mwito, kwa sababu ukurasa humwita mwenziwe. Karatasi zikianguka zikachanganyika, kazi yako ni kutazama nani kamwita nani, ukazipanga. Kila mwandishi aliyejiheshimu aliandika mwito, isipokuwa Bwana Kombo.

"Ukurasa wangu ni uso wa bibi harusi," alisema siku alipomletea Rukiya karatasi azijalidi. "Nani humtia bibi harusi chunjua kidevuni?"

"Na siku karatasi zikichanganyika?"

"Zikiwa mikononi mwako hazichanganyiki, Mwana Rukiya."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Andika mwito!"

"Siandiki."

Wakabishana miaka minane. Kila alasiri Bwana Kombo alipita daka la Mwana Rukiya, ukumbi wa mlangoni alimofanyia kazi, akasimama, akatolewa kashfa moja ya mwito, akajibu, akaenda zake akitabasamu. Watu wa barazani waliungojea ubishi huo kama walivyoingojea kahawa. Siku Bwana Kombo alipougua homa asipite, Mwana Rukiya alishona juzuu moja kichwa chini miguu juu, ikabidi aifumue yote. Mji mzima ulijua maana yake, ila wenyewe wawili.

Basi ikawa Sultani wa Makumba akautamani mji wa Kiungwe. Alidai eti babu yake ndiye aliyejenga ukuta ule, na alikuja na watu elfu mbili na mizinga miwili kuuonyesha ukuta huo jinsi anavyoupenda. Alipiga kambi nje ya lango la bara, marikebu zake zikaziba lango la pwani, na kwa wiki saba hakuingia mtama wala hakutoka mtu. Watu walikula mbegu za kupanda. Kisha wakala mikoba ya ngozi waliyoichemsha, na Mwana Rukiya akatoa ngozi zake zote za kujalidi ziliwe, akalia kidogo, akatafuna na yeye.

Tumaini lilikuwa moja. Huko bara, mwendo wa siku tatu, walikaa wafugaji walioitwa watu wa Visima, wenye mafumo, mikuki mipana ya kumtisha simba. Mababu zao na mababu wa Kiungwe walipatana kuwa ndugu: akishambuliwa huyu, yule aje. Mjumbe mmoja tu alipenya mikokoni akafika kwao, akarudi kabla njia hiyo nayo haijazibwa, na jibu la mkuu wao mpya, Boru Dulacha: "Marehemu baba alinambia yapo maneno kati yetu nanyi, na kwamba ninyi mliyafunga kitabuni. Nileteeni kitabu nisomewe. Siwapeleki vijana wangu wakafe kwa maneno ya kusikia."

Sultani naye alikuwa na masikio. Akatuma kusema: siku ya Ijumaa, wanawake na watoto wapewe amani watoke, maana hana vita nao. Lakini mwanamume hatoki, na Kitabu cha Mji akabidhiwe yeye langoni. La sivyo, hakuna amani kwa yeyote.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Kombo alimkuta Mwana Rukiya dakani, Kitabu kimelala mapajani mwake na kisu cha kukatia nyuzi mkononi. Kombo alikuwa na bunduki begani, nayo haikumpendeza hata kidogo, maana aliibeba kama mtu abebaye mtoto wa jirani.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Watatafuta kitabu," akasema Rukiya. "Karatasi si kitabu. Nikikikata mshono, kila mwanamke atatoka na majani mawili matatu ndani ya mto, ndani ya mkeka, ndani ya pindo la shuka. Kule mbele nitakipanga tena."

Bwana Kombo alikaa chini. "Utaukata mshono wako mwenyewe?"

"Usiniulize mara mbili, Bwana Kombo, nitashindwa."

Akaukata. Hariri ile ya kijani na manjano ilitoa sauti ndogo kila uzi ulipokatika, na Mwana Rukiya alifumba macho kila mara, mkono ukaendelea wenyewe. Alipomaliza, jalada lilibaki tupu. Akatwaa karatasi nyeupe zilizosalia, zile zile za miezi mitatu, akazikunja kwa kipimo kile kile, akazishona ndani ya jalada kwa mashimo yale yale.

"Niandikie bismillahi kwenye ukurasa wa kwanza," akamwambia Kombo. "Nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika."

Kombo aliandika. Kisha akatazama rundo la karatasi zilizofumuliwa, akapapasa ya juu pembeni kwa kidole.

"Sasa unaona?" Rukiya akamgeukia, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Sasa zimechanganyika! Na hakuna mwito hata mmoja! Nitazipangaje, wewe mwanamume mwenye kiburi?"

"Tazama vizuri, utaweza," akasema Bwana Kombo polepole. "Wewe tazama vizuri tu."

"Ndiyo kwaheri yako hiyo?"

"Ndiyo," akasema. Akaenda zake ukutani na bunduki yake, asigeuke nyuma. Rukiya aliona uchungu wa kumkata mtu maini.

Siku ya Ijumaa lango la bara likafunguliwa. Amiri wa Sultani, Zubeiri, alisimama pale katika joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, jambia kiunoni, na watu mia wenye bunduki. Alikuwa mtu aliyesoma na mwenye adabu, na hilo ndilo lililomfanya awe wa hatari. Watu wake walipindua makapu, walibonyeza mito, walikunjua mikeka. Walikuwa wakitafuta kitu kizito chenye pembe nne. Mkunga wa mji, Mwana Shali, alipita mbele yao na ukurasa wa mapatano wenyewe umeshonwa ndani ya mbeleko, na mjukuu juu yake akiulowesha.

"Mwana, Kitabu kiko wapi?" Amiri akamuuliza Mwana Rukiya.

"Bwana Amiri," akajibu, "hili hapa jalada la Kitabu cha Mji wa Kiungwe, nililolishona kwa mikono yangu."

Wala hakusema uongo. Amiri alilipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya ngozi, akafungua ulimi, akaona bismillahi ya Bwana Kombo. Akaibusu, akaiweka kwenye paji la uso, akafunga. Karatasi ya pili hakuifunua. Mimi simlaumu, jalada lile lingemlevya hata kadhi.

Wanawake walitembea siku tatu, wakavuka nyika ya chumvi, wakala matunda ya mwitu, wakafika Visima wamevimba miguu. Mwana Rukiya hakulala chini kwanza. Alitandaza mkeka, akakusanya karatasi zote, akaanza kupanga. Nyingi zilijipanga zenyewe, kwa kuwa maneno huanzia huku yakamalizikia kule. Lakini ukurasa wa mapatano ulianza jambo jipya. Ulianza hivi: "Maziwa ya chombo kimoja tumekunywa, sisi watu wa Kiungwe na ndugu zetu watu wa Visima." Uwekwe nyuma ya ukurasa gani? Zilikuwako kurasa tisa zilizoishia na nukta, na hapakuwa na njia ya kujua.

Alipokuwa bado anakuna kichwa, kukatokea vumbi la ngamia. Alikuwa Amiri Zubeiri na watu sita. Sultani alikuwa amefunua karatasi ya pili, na ya tatu, na ya mwisho. Alichomwambia Amiri wake sitakisema, maana hapa pana watu wazima na watoto.

Boru Dulacha aliwakalisha Mwana Rukiya na Amiri mbele yake, alasiri, kando ya hori walikonyweshewa ng'ombe. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, kikuku cha pembe mkononi, hasomi, hana haraka, na hakuwa mwepesi wa kutabasamu. Nyuma yake walisimama wenye mafumo wapatao mia nne, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fumo lake.

"Bwana Boru," akaanza Amiri, akainua jalada jekundu, "hiki ndicho Kitabu cha Kiungwe. Nimekipokea mkononi mwa mwanamke huyu huyu, watu mia wakiona. Kifungue. Kitupu! Bismillahi, kisha weupe mtupu. Miaka yote wamewatisha majirani kwa kitabu kisicho na kitu. Na hayo makaratasi anayopanga hapo ameyaandika njiani."

Mwana Rukiya alijiona mjinga wa wajinga. Hila yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia, na huko Kiungwe watu walikuwa wanakufa, na mmoja wao mrefu mwenye doa la wino kilembani.

"Jalada ni langu na karatasi ni zangu," akasema. "Tazama mashimo ya sindano. Yanalingana."

"Na haya?" Amiri akafunua weupe. "Yanalingana pia. Mshonaji mmoja, sindano moja. Inaonyesha nini?"

Boru akainua mkono. "Mwana," akasema, "ng'ombe wangu akipotea akachanganyika na wa watu, namjua kwa alama. Huo ukurasa wa maziwa una alama gani ya kuonyesha umezaliwa katika kitabu hiki, haukuingizwa jana?"

Hapo Mwana Rukiya akapasuka. "Ungekuwa na alama! Ungekuwa nayo, lau Bwana Kombo angekuwa mtu wa kusikia!" Akawaeleza habari ya mwito, mbele ya mafumo mia nne: jinsi ukurasa unavyomwita mwenziwe kwa jina, na jinsi alivyobishana miaka minane na mwanamume mmoja mkaidi, mwenye mwandiko kama lulu na kichwa kama jiwe la kusagia. Alisema hayo akilia. Wenye mafumo walibadilisha miguu, wakasikiliza kwa makini sana.

"Na hata karatasi yenyewe si ya kuokota," akaendelea, kwa kuwa hakuwa na jingine la kusema. "Ina miezi mitatu ndani yake. Tazameni."

Akauinua ukurasa mmoja juani. Kumbe jua lilikuwa limeshainama, likapiga karatasi kwa ubavu. Mwana Rukiya akausogeza karibu na macho.

Chini ya mstari wa mwisho, pembeni, mahali panapokaa mwito, karatasi ilikuwa na makovu. Hapakuwa na wino. Mtu alikuwa amechukua mfupa butu, ule wa mafundi wa kukunjia karatasi, akaukandamiza kwa upole, herufi baada ya herufi, neno lisiloonekana ila mwanga ukija kwa upande. Mwana Rukiya alifanya kazi zake kivulini siku zote, kwa sababu jua hukunja ngozi. Miaka minane alishika kurasa zile, akaapa hazina mwito, wala hakuzitazama.

Akachukua nyingine. Nayo ilikuwa nao. Na nyingine, na nyingine.

"Aliandika," akasema kwa sauti ndogo. "Aliandika zote. Mwenyezi Mungu, mwanamume huyu aliandika zote!"

"Nini hicho?" akauliza Boru.

"Mwito."

Boru hakuukubali mdomo wake. Alimwashiria Amiri Zubeiri. "Wewe unasoma, na wewe si rafiki yake. Soma."

Mwana Rukiya akapitisha kurasa tisa moja moja, na Amiri akasoma makovu chini ya kila mmoja. Wa tano ulikuwa na habari za paa la msikiti, boriti ngapi na za mti gani. Amiri akauinamisha juani, akakunja uso.

"Soma," akasema Boru.

"Ma... zi... wa," akasoma Amiri.

"Boriti na maziwa wapi na wapi?" akauliza mmoja wa wenye mafumo.

"Ndiyo maana yake," akasema Mwana Rukiya, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Hauwezi kuwa unamwita mwingine." Akauweka ukurasa wa mapatano kando yake, na neno likakutana na mwenziwe.

Amiri hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Amekandamiza njiani," akasema. "Mfupa anao mfukoni."

Ilikuwa kweli, mfupa alikuwa nao. Boru akauchukua ukurasa, akaugeuza nyuma, akausogeza karibu na jicho kama anayekagua ngozi ya fahali. Upande wa pili makovu yalikuwa yametuna, na mikia ya herufi za wino, ilipofika juu ya vivimbe vile, ilikatika ikapita ubavuni.

"Nimetia alama ng'ombe tangu utoto," akasema. "Manyoya hayaoti juu ya kovu. Na wino huu umelikuta kovu hapa, ukalikwepa. Kovu ni la kwanza, wino ni wa pili. Alama hii ni ya siku ile ile kitabu kilipozaliwa. Nisomee sasa maneno ya babu yangu."

Mwana Rukiya akayasoma, na watu wa Visima wakayajua. Yalikuwa yale yale yaliyosemwa na wazee wao, mpaka jina la ng'ombe aliyekamuliwa. Boru akainuka. Lakini Amiri Zubeiri, aliyekuwa akifunua karatasi zilizobaki, akapiga kelele ya furaha.

"Ngojeni! Huu ni ukurasa wa mwisho wa kitabu, mwandishi ameandika tamati. Baada ya tamati hakuna ukurasa. Mbona una mwito? Unamwita nani? Upo ukurasa umefichwa! Pengine ndio unaovunja mapatano hayo. Kitabu si kamili, Bwana Boru!"

Boru akakaa tena. "Ni neno gani?" akauliza.

Amiri akainamisha karatasi juani. "Ru... ki... ya," akasoma. "Rukiya."

"Rukiya ni nini?"

Mwana Rukiya alikuwa ameshika ukaya wake wa kichwani kwa mikono miwili na uso umemwiva hadi masikioni. Mwana Shali, mkunga, akamsukuma kwa kiwiko. "Jibu, mwanangu. Watu wanakufa huko."

"Ni mimi," akasema Mwana Rukiya.

"Wewe?"

"Ni jina langu, Bwana Boru. Hakuna ukurasa uliofichwa. Ukurasa huo haujaandikwa bado." Akaichukua karatasi mkononi mwa Amiri. "Bwana Kombo aliuita miaka minane iliyopita, nami sikusikia. Nilikuwa nikimgombeza."

Boru Dulacha alimtazama, kisha akalitazama neno, kisha akageuka kuwatazama vijana wake. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, na kicheko kikapita katika mafumo mia nne kama upepo kwenye mtama. Hata Amiri Zubeiri alishika ndevu zake akaangalia chini, na nawaambia hakuwa amekasirika.

"Huyo mwanamume yuko wapi?" akauliza Boru.

"Ukutani. Kama yu hai."

"Basi twende haraka," akasema Boru. "Aibu kumfanya mtu angoje mwaka wa tisa."

Habari za vita yenyewe ni fupi. Sultani alikuwa ameelekeza mizinga yake yote miwili mjini, Amiri wake alizuiwa Visima asimwonye, na watu wa Visima walikuja asubuhi kutokea nyuma. Hadi mizinga igeuzwe, Sultani alikuwa tayari majini hadi kiunoni, akiita mashua. Jina lake halikusalia kwa mtu. Kiungwe wenyewe walilisahau baada ya kizazi kimoja, na Makumba walipenda lisahauliwe mapema zaidi.

Mwana Rukiya aliingia kwa lango la bara akiwa na jalada kwapani na karatasi kifuani. Bwana Kombo alikuwa ameketi chini ya ukuta, mifupa na kilemba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa matambara: risasi ilikuwa imepita kati ya vidole, na viwili havikuwapo tena. Rukiya alisimama mbele yake. Alikuwa amepanga maneno siku tatu nzima, yote yakamtoka kichwani.

"Mbona hukuniambia?" akasema.

"Ningekwambia ungekuwa umeshinda," akajibu Kombo. "Na ukishashinda, mimi ningepita dakani kwako alasiri kufanya nini?"

Mwana Rukiya akakaa chini hapo hapo vumbini, akaushika ule mkono wa matambara, akaulilia. Alimpenda mtu huyu. Na tuliseme wazi, kwa kuwa wao walichelewa sana kulisema.

Wiki hiyo alikishona Kitabu upya ndani ya jalada lile lile jekundu. Ile karatasi ya bismillahi, maandishi ya mwisho ya mkono wa Bwana Kombo, aliiweka mwanzoni kabisa. Zile nyeupe zilizomdanganya Amiri hakuzitupa. Alizishona mwishoni, baada ya tamati. Kisha akachonga tete, akachovya katika wino wa masizi, akaanza ukurasa mpya kwa mwandiko wake mbaya, Kombo akiwa kando yake anaumia.

"Rukiya binti Mahadhi, mtia majalada," aliandika, "ameolewa na Kombo bin Mshuti, mnakili, kwa hiari yake, mashahidi wakiwa Mwana Shali na wenzake, na Bwana Boru Dulacha wa Visima, aliyeleta ng'ombe."

"Mstari unapanda mlima," akasema Bwana Kombo.

"Nyamaza, Bwana Kombo."

Alipofika mwisho wa ukurasa alishuka chini, pembeni, akaandika neno moja dogo, kwa wino mweusi kabisa. Bwana Kombo akainama kulisoma. Lilikuwa "Na".

"Na nini?" akauliza. "Unaita nini hapo? Ukurasa wa pili utasemaje?"

"Sijui bado," akasema Mwana Rukiya, akipuliza wino ukauke. "Tuishi kwanza."